Tabora, Njia ya Misafara na Ufundishaji wa Utafiti wa Historia kwa Nyaraka za Kidijitali

Katika karne ya 19, utemi wa Unyanyembe, ambao ndani yake ulikua mji wa Tabora, ulikuwa njiapanda ya misafara ya bara: njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi, na hapo ikagawanyika, tawi moja likienda magharibi hadi Ujiji na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwa kuwa kila msafiri alilazimika kusimama hapo kubadili wapagazi, kununua chakula au kungoja vita vipite, mji huu uliandikwa kuliko miji mingi ya bara, lakini maandishi hayo yaliondoka pamoja na waandishi wake. Shajara za Livingstone zimehifadhiwa Scotland, karatasi za Stanley ziko Tervuren nchini Ubelgiji, na barua za wamisionari wa London Missionary Society waliokaa Urambo ziko London. Mwanafunzi wa Tabora, kwa miaka mingi, alisoma habari za mji wake katika vyanzo vya upili, yaani vitabu vilivyotungwa baadaye na watu waliokwisha kuzisoma nyaraka hizo kwa niaba yake.

Uwekaji dijitali, yaani kuupiga waraka picha, kuutambulisha kwa maelezo ya tarehe, mwandishi na mahali unapotunzwa, kisha kuufungua kwa wasomaji kupitia mtandao, umeuondoa umbali huo kwa sehemu kubwa. Haukuiondoa kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuhukumu chanzo cha msingi, yaani ushahidi ulioachwa na watu wa wakati husika wenyewe. Kwa kazi hii Tabora ni shule nzuri mno, kwa sababu mashahidi wa tukio moja ni wengi na hawapatani.

Mfano ulio wazi ni Mirambo, mtemi wa Urambo. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871, akakuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu, akaingia vitani upande wa wenyeji wake, na jeshi lao likashindwa. Tarehe 22 Agosti 1871 wapiganaji wa Mirambo waliushambulia mji wa Tabora wenyewe, na katika mapigano hayo aliuawa Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Stanley alimchora Mirambo kama jambazi na mporaji. Miaka isiyozidi mitano baadaye, mwezi Aprili 1876, wawili hao walikutana, wakachanjiana damu na kuwa ndugu, na kitabu cha mwaka 1878 kikamweleza mtemi huyohuyo kuwa mtu mpole, mwenye adabu na heshima. Vitabu vyote viwili vinasomeka bure katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, na mwalimu anaweza kuziweka kurasa zake pamoja mbele ya darasa moja.

Swali la kwanza la mwanafunzi huwa ni kipi kati ya vitabu hivyo kinasema kweli, na mwalimu asiharakishe kulijibu. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza mwandishi alikuwa nyumbani kwa nani, alihitaji nini, na alitazamia kusomwa na nani. Mwaka 1871 alikuwa mgeni wa Waarabu, na Mirambo ndiye aliyemzibia njia. Mwaka 1876 alihitaji kupita salama katika nchi ambayo Mirambo ndiye aliyekuwa na nguvu. Shahidi wa tatu ni Ebenezer Southon, mmisionari na tabibu aliyefika Urambo mwaka 1879 na kuishi karibu na mtemi hadi alipofariki mwaka 1882. Barua zake zinamwonyesha Mirambo katika shughuli za kila siku za utawala, ambazo mgeni wa kupita hakuziona, ingawa naye aliandika kama mtu ambaye kazi yake yote ilitegemea ridhaa ya mtawala huyo.

Jambo lililo gumu zaidi, na ambalo bila picha za kidijitali lisingefundishika kabisa, ni kwamba hata mwandishi mmoja huweza kuacha matoleo kadhaa ya tukio moja. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi sokoni Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo aliandika kwa wino wa mimea juu ya kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, na baada ya miaka mingi maandishi yakafifia hata yasiweze kusomeka. Wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki waliyapiga picha kwa miali ya mwanga ya aina mbalimbali, wakautenganisha wino wake na wino wa gazeti, na mwaka 2011 shajara hiyo ikachapishwa mtandaoni. Habari hiyohiyo imo pia katika daftari kubwa ambalo watafiti huliita shajara ya Unyanyembe, lililopelekwa Uingereza na Stanley aliyeondoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Machi 1872, na tena katika kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874, baada ya kifo cha Livingstone. Wahariri wa toleo la kidijitali walionyesha kwamba maelezo kuhusu watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe yalibadilika kutoka hatua moja hadi nyingine. Kitabu cha Waller, ambacho vizazi vya wasomaji vilikichukua kuwa sauti ya Livingstone, kwa hakika ni sauti iliyokwisha kupita katika chujio zaidi ya moja.

Utafutaji nao unahitaji kufundishwa, kwa maana mashine haijui historia. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwezi Novemba 1857, aliuita mji huo Kazeh. Livingstone mara nyingi aliandika Unyanyembe tu. Hivyo mwanafunzi anayetafuta neno Tabora peke yake anaweza kudhani kwamba Burton hakufika huko. Majina ya watu yana mtego mbaya zaidi. Mtemi Mnywa Sere, aliyepigana na Waarabu wa Unyanyembe, huandikwa Manua Sera na Speke, mwenzake Burton, na katika safari ya Stanley ya 1874 hadi 1877 kuna nahodha wa wapagazi aitwaye Manwa Sera. Hawa ni watu wawili tofauti, kwani mtemi alikuwa amekwisha kuuawa miaka kadhaa kabla ya safari hiyo. Zaidi ya hayo, programu ya kutambua herufi, inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi yanayotafutika, hukosea mara kwa mara inapokutana na majina ya Kiafrika, na ni lazima mwanafunzi arudi kwenye picha yenyewe.

Kwa upande mwingine, anayejua Kiswahili ana ufunguo ambao wasomaji wengi wa Ulaya hawana. Waandishi wa Kiingereza waliyaacha maneno ya kazi kama walivyoyasikia: pagazi, kirangozi (kiongozi wa msafara), posho, hongo (ushuru wa kupita), merikani (kitambaa cha pamba). Akiyatafuta maneno haya, mwanafunzi hukutana moja kwa moja na mishahara, migomo, mizigo na utoro, yaani maisha ya watu walioibeba biashara yote ya njia hiyo, ambao wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa vibarua huru wa kulipwa. Vitabu vya shule vimewachanganya mno na watumwa, na hilo ni kosa ambalo nyaraka zenyewe zinatosha kulisahihisha.

Vipo pia vyanzo vilivyoandikwa kwa Kiswahili, na ni ajabu kwamba havijawa msingi wa kufundishia. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani mfanyabiashara Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, yalichapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo Tabora si kituo cha kigeni bali ni nyumbani, kwa kuwa baba yake alikaa hapo na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Naye Selemani bin Mwenye Chande aliandika safari yake ya bara ya miaka ya 1890, iliyotolewa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hawa nao wahojiwe kama wengine: Tippu Tip alikuwa mzee aliyekumbuka ushindi wake kuliko maumivu ya watu aliowauza, na Selemani aliandika kwa ombi la Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni.

Bado kuna watu ambao hawamo katika karatasi yoyote, hasa wanawake waliouza chakula kwenye makambi na watumwa waliopitishwa bila kuandikwa majina, na kwa hao masimulizi ya ukoo na mabaki ya makazi pale Kwihara yanabaki kuwa vyanzo vya lazima. Lakini kwa yaliyoandikwa, kisingizio cha umbali kimekwisha. Vitabu vya Burton, Speke, Stanley, Brode na Velten waliotajwa hapa vimetoka katika ulinzi wa hakimiliki zamani. Mwalimu mwenye intaneti kwa siku moja anaweza kuvipakua, kuchapa kurasa anazozihitaji, na kuwapa wanafunzi wa shule isiyo na kompyuta hata moja.