MAJINA YA INTANETI HUTOKA WAPI?

Ndugu wanafunzi wa Handeni na Korogwe, kaeni vizuri, mfungue madaftari yenu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: JINA, NAMBA, TARISHI. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya jambo mnalolitumia kila siku katika simu zenu pasipo kuliona.

Tuanze na maji, maana maji mnayajua. Mtu wa Handeni hufungua bomba, maji yakatoka. Ukimwuliza mtoto, "Maji haya yametoka wapi?" atakujibu, "Bombani." Hakusema uongo, lakini swali hakulijibu. Mradi mkubwa wa maji wa Handeni uitwao HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970, ulichota maji mto Pangani, upande wa Korogwe, mashine zikayasukuma mpaka Handeni. Na mto Pangani nao hupata maji yake mbali, katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapitia bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu ajuaye bomba tu, siku maji yakikauka au yakichafuka, hajui aulize wapi.

Majina ya intaneti ni vivyo hivyo.

Jina na namba

Sisi wanadamu twakumbuka majina. Kompyuta zatumia namba. Unapoandika www.udsm.ac.tz, yaani jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, simu yako haiwezi kufika huko mpaka ipate namba. Lazima iulize: "Mwenye jina hili ana namba gani?" Kompyuta ijibuyo swali hilo huitwa seva ya majina.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi. Katika miaka ya 1970 ulikuwako mtandao mdogo wa Marekani ulioitwa ARPANET. Majina yake yote yaliandikwa katika orodha moja tu. Orodha hiyo ilitunzwa Menlo Park, huko California, katika ofisi iliyoongozwa na Bibi Elizabeth Feinler. Mwenye kompyuta mpya alipeleka habari zake kwao, na kila mtu alichukua nakala ya orodha. Siku hizo, kama mtu angeuliza majina hutoka wapi, jibu lilikuwa moja: ofisini kwa Bibi Feinler.

Lakini kompyuta zikazidi kuwa nyingi. Orodha ikawa ndefu, mabadiliko hayakuisha, na nakala za watu zikawa za zamani. Ndipo mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris, naye wa huko California, alipotoa mpango mpya. Mpango huo waitwa DNS, na ndio tunaoutumia hata leo. Shauri lake lilikuwa kugawa kazi, kama inavyogawanywa kazi ya serikali: taifa, mkoa, wilaya, kijiji. Hakuna mmoja ajuaye yote. Kila mmoja anajua walio chini yake.

Someni tena jina la Chuo Kikuu, lakini anzeni mwisho: tz, kisha ac, kisha udsm. Juu kabisa ziko seva za shina. Hizo zina majina 13, herufi A mpaka M, na nakala zake zimetawanywa duniani kote. Ukiziuliza habari za Chuo Kikuu hazijui. Zitakujibu, "Nenda kwa wanaotunza tz." Hao watakuelekeza mbele, mpaka ufike kwa mwenye jina mwenyewe. Jina la tz liliingizwa katika mpango huo mwaka 1995. Mwaka 2010 utunzaji wake ulikabidhiwa tzNIC, chombo kilichoundwa hapa nchini kwa kazi hiyo.

Tarishi wa nyumbani

Sasa sikilizeni kwa makini. Simu yako haizunguki milango yote hiyo. Inaye tarishi. Katika nyumba, duka au shule yenye intaneti, tarishi mara nyingi ni kile kisanduku chenye taa kiitwacho ruta. Simu humwuliza tarishi. Tarishi, kama hana jibu alilolikumbuka, huiuliza seva iliyo juu yake, na kwa kawaida ni ya kampuni iliyowauzia intaneti. Hiyo ya juu ndiyo izungukayo milango, ikaleta jibu. Twaiita seva ya juu, kama vile tusemavyo juu ya mto.

Basi twaona hatari iliyopo. Simu yako yamjua tarishi tu. Haijui tarishi naye humwuliza nani. Seva ya juu ikifa, majina yote hupotea hata kama intaneti ni nzima, na mtu hununua bando jingine bure akidhani la kwanza limekwisha. Na seva ya juu ikiwa ya mwizi, mambo huwa mabaya zaidi.

Jambo hilo lilikwisha kutokea. Watu waliokuwa Estonia, nchi ya Ulaya, walisambaza programu mbaya iliyoitwa DNSChanger. Kazi yake ilikuwa ndogo ukiitazama: ilibadili namba ya seva ya juu, ikaweka namba za seva za watu hao. Tangu hapo mtu aliandika jina la kweli, akapelekwa mahali walipotaka wao, nao wakachuma fedha za matangazo. Kompyuta zaidi ya milioni 4 ziliambukizwa, katika nchi zaidi ya 100. Watu hao walikamatwa mwezi wa Novemba, 2011.

Lakini palikuwa na taabu moja. Kama seva zao zingezimwa siku ile ile, mamilioni ya watu wasiokuwa na hatia wangekosa majina yote. Hivyo mahakama ya Marekani iliruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile mbaya kwa muda. Zilizimwa tarehe 9 Julai, 2012. Katika miezi ile yote watu walihimizwa wafanye jambo moja: kila mtu atazame kompyuta yake humwuliza nani. Wengi walikuwa hawajapata kujiuliza swali hilo hata siku moja.

Namna ya kufuata bomba

Nanyi jifunzeni kulijibu. Andikeni hatua hizi.

Kwanza, fungua mipangilio ya simu, uingie palipoandikwa Wi-Fi, utazame habari za mtandao uliounganishwa nao. Tafuta neno DNS. Ukikuta namba ianzayo 192.168, hiyo kwa kawaida ni ruta yenu. Umeliona bomba, mto hujauona bado. Ukikuta 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009.

Pili, mwenye ruta aifungue kwa neno lake la siri, atazame sehemu ya muunganisho wa intaneti. Namba za DNS zilizoandikwa huko ndizo za seva za juu.

Tatu, kwenye kompyuta yenye Linux, tarishi aweza kuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ukisoma faili la /etc/resolv.conf waweza kukuta 127.0.0.53. Namba zianzazo 127 maana yake ni "mimi mwenyewe". Hilo si jibu la swali letu. Katika kompyuta nyingi za namna hiyo andika amri resolvectl status, nayo itakutajia seva za juu.

Nne, yako majina yaliyotengenezwa kwa kupimia. Mojawapo ni whoami.akamai.net. Andika dig whoami.akamai.net, nawe utajibiwa namba ya seva iliyokwenda kuuliza kwa niaba yako. Hatua tatu za kwanza zakuonyesha yaliyoandikwa. Hii ya nne yakuonyesha yanayotendeka. Usishtuke kama namba hazilingani. Seva kubwa huulizwa kwa namba moja, ikatoka kuuliza kwa namba nyingine. Tazama mwenye namba hizo ni nani. Kama ni kampuni unayoijua, ni vema. Kama ni mgeni kabisa, mwite fundi kabla ya kugusa habari za fedha.

Mwisho, badilisheni neno la siri lililokuja na ruta, maana ndilo mlango wa mwenye kutaka kubadili seva ya juu. Na kivinjari kikikuonya kwamba mahali ulipofika si salama, usipite.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini orodha moja ya majina haikutosha tena?
2. Seva za shina hazijui namba ya Chuo Kikuu. Basi zatusaidia nini?
3. Simu yako yaonyesha DNS 192.168.1.1. Je, umekwisha kuijua seva ya juu? Eleza.
4. Kwa nini seva za DNSChanger hazikuzimwa siku ile ile waliyokamatwa wenyewe?
5. Kila kikundi kitazame simu moja, kiandike namba ya DNS, kisha kieleze kama hilo ni bomba au mto.

Ndugu wanafunzi, anayekujibu naye hujibiwa na mwingine. Mjue. Kwa herini mpaka somo lijalo.