Edwin Mtei: Gavana aliyeacha uwaziri kwa sababu ya shilingi

MNAMO Juni 14, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake jijini Dar es Salaam. Aliyekalia kiti cha gavana alikuwa Edwin Mtei, kijana wa miaka 33 kutoka Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Noti za kwanza za shilingi ya Tanzania zilitolewa zikiwa na saini yake, pamoja na ile ya Waziri wa Fedha wa wakati huo, Amir Jamal.

Miaka 13 baadaye, Bw Mtei mwenyewe akiwa Waziri wa Fedha, aliandika barua ya kujiuzulu baada ya kutofautiana na Rais wake kuhusu thamani ya shilingi hiyo hiyo. Mawaziri waliowahi kujiuzulu katika Afrika Mashariki kwa sababu ya kanuni ya uchumi, wala si kashfa, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana jina lake lingali linatajwa kila serikali yoyote ya eneo hili inapoketi mezani na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF.

Alizaliwa Julai 12, 1932. Utotoni alichunga mbuzi, jambo ambalo hakulionea haya: kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2009, kinaitwa From Goatherd to Governor. Alisomea Chuo cha Makerere, Kampala, ambako masomo yake yalikuwa siasa, historia na jiografia. Mambo ya benki kuu alijifunzia kazini, kama walivyofanya wengi wa kizazi chake, kwa sababu wakoloni waliondoka bila kumfundisha Mwafrika yeyote kazi hiyo. Baada ya muda mfupi katika kampuni ya tumbaku aliingia utumishi wa serikali, akapanda ngazi haraka hadi kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha.

Ili kuelewa uzito wa kazi aliyokabidhiwa mwaka 1966, yafaa msomaji akumbuke kwamba kabla ya hapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Sarafu hiyo ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Kwa miongo minne bodi hiyo ilikuwa na makao yake London, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1960. Haikuwa benki kuu. Kazi yake kuu ilikuwa kutoa shilingi kwa kupokea pauni za Uingereza, na kutoa pauni kwa kupokea shilingi. Haikuwa na mamlaka ya kuamua riba wala ya kuzisimamia benki za biashara, na uwezo wake wa kuikopesha serikali ulikuwa mdogo.

Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu walitangaza kwamba kila nchi ingeanzisha benki kuu yake. Tanzania ilitangulia, Uganda ikafuata Agosti 1966, na Benki Kuu ya Kenya ikafunguliwa Septemba mwaka huo. Gavana wa kwanza wa Kenya alikuwa mgeni, Leon Baranski wa Poland, hadi Duncan Ndegwa alipochukua usukani mwaka 1967. Tanzania ilimkabidhi mwananchi tangu siku ya kwanza.

Hakupewa muda wa kuzoea. Februari 1967, kabla benki yake haijatimiza mwaka, Azimio la Arusha lilitangazwa na benki zote za kigeni za biashara zikataifishwa ndani ya siku chache. Wateja walikuwa na amana zao humo, wenye benki hizo walikuwa London na kwingineko, na mameneja wengi walikuwa wageni ambao wangeweza kufunga virago wakati wowote. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliundwa kutokana na benki hizo, na shughuli hazikusimama. Bw Mtei hakuwa mjamaa wa moyo, na hakuwahi kujifanya kuwa mmoja. Hata hivyo alitekeleza aliyoagizwa, akaendelea kuwa gavana hadi mwaka 1974.

Mwaka huo alihamia Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapa ndipo Wakenya wengi wa rika langu walipolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Jumuiya ile iliyoanzishwa kwa Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 haikuwa ya mikutano na maazimio tu. Ilimiliki reli na ndege zilizoendeshwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Barua iliyotiwa sandukuni Kisumu ilisafiri hadi Mwanza chini ya shirika moja.

Lakini tangu Idi Amin alipotwaa mamlaka Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Kwa kuwa mamlaka ya juu kabisa ya Jumuiya yalikuwa mikononi mwa marais watatu kwa pamoja, chombo hicho hakikukutana tena. Katibu Mkuu alibaki akiendesha shirika kubwa ambalo wenyewe hawasemezani. Uamuzi uliotaka kikao cha marais ulilazimika kuzungushwa kutoka ikulu moja hadi nyingine. Juu ya hayo, kila nchi ililalamika kwamba mashirika yaliyo katika nchi nyingine hayapeleki fedha yanakotakiwa kuzipeleka.

Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisambaratika, Kenya ikaanzisha lake, na Tanzania ikafunga mpaka. Ilipofika Juni 30 mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikuwa imepitishwa, na huo ukawa mwisho wake. Kumlaumu katibu mkuu kwa kifo hicho ni kumlaumu mwuguzi kwa sababu wanandoa wametalikiana. Kufikia wakati huo Bw Mtei alikuwa tayari amekwisha kuitwa Dar es Salaam kuwa Waziri wa Fedha.

Alikuta hazina ina nafuu ya muda. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda mno duniani baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Nafuu hiyo haikudumu. Kahawa ilishuka bei, serikali ikawa imelegeza uagizaji wa bidhaa na akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Kuvunjika kwa Jumuiya kuliilazimu Tanzania kujitafutia ndege na mitambo yake. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Vita vilivyofuata viliisha kwa Kampala kutekwa Aprili 1979, na gharama yake kwa Tanzania imekadiriwa kuwa dola milioni 500 hivi. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda tena. Nchi ambayo haikuwa na deni la kutisha miaka michache iliyotangulia sasa haikuwa na dola za kununulia dawa, vipuri wala mafuta ya taa.

Hapo ndipo IMF inapoingia. Waandishi chipukizi katika chumba chetu cha habari huichanganya mara kwa mara na Benki ya Dunia, nami hulazimika kusahihisha. Kwa maelezo mafupi, Benki ya Dunia hukopesha kwa ajili ya maendeleo ya muda mrefu, kama vile barabara, mabwawa na shule. IMF huikopesha nchi iliyoishiwa fedha za kigeni, nayo hutaka kwanza kuona nchi hiyo ikibadilisha yale ambayo shirika linaamini ndiyo yaliyoifikisha hapo. Zote mbili zilitokana na mkutano mmoja uliofanyika Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944.

Masharti yaliyowekwa mbele ya Tanzania mwaka 1979 yalikuwa yale ambayo baadaye Afrika nzima ilikuja kuyajua kwa moyo: kupunguza thamani ya shilingi, kubana matumizi ya serikali, kuzuia nyongeza za mishahara, kupandisha riba na kulegeza udhibiti wa bei na wa bidhaa kutoka nje.

Suala la shilingi ndilo lililokuwa gumu zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wakati huo dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 8 za Tanzania kwa kiwango rasmi. Chukua mfano wa mkulima ambaye kahawa yake imeuzwa nje kwa dola moja. Kwa kiwango hicho, hata bila makato yoyote, hawezi kupata zaidi ya shilingi 8. Kama thamani ingeshushwa hadi shilingi 16 kwa dola, kahawa ile ile ingeleta shilingi 16, naye angepata sababu ya kuipalilia. Lakini sabuni, kitambaa au dawa iliyoagizwa kwa dola moja nayo ingepanda kutoka shilingi 8 hadi 16, na mfanyakazi wa mjini ambaye mshahara wake umezuiwa ndiye angeibeba tofauti hiyo. Bw Mtei, mwana wa nchi ya kahawa, alimtazama yule wa kwanza. Mwalimu alimtazama wa pili, na zaidi ya hapo aliona ni fedheha kwa taifa huru kupangiwa na wageni.

Waziri aliamini kwamba hakukuwa na njia nyingine na kwamba mazungumzo yaendelee. Rais alikataa katakata. Kabla mwaka 1979 haujaisha, Bw Mtei alijiuzulu na Jamal akarudishwa katika wizara hiyo. Januari 1, 1980, akiwahutubia mabalozi, Mwalimu aliuliza kwa kejeli ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali hilo lilizunguka ulimwengu, na hadi leo hakuna aliyelijibu kwa ufasaha.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba waziri huyo hakutiwa kizuizini, hakutoroka nchi wala hakupokonywa mali. Alirudi kwenye shamba lake la kahawa karibu na Arusha. Katika miaka ile, kwa majirani zake wa kaskazini na magharibi, kumpinga rais waziwazi na kisha kwenda nyumbani kulala usingizi hakukuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1982 alikwenda Washington, akawa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa IMF hadi 1986. Alikalia kiti kilichowakilisha nchi za Afrika zitumiazo Kiingereza, Kenya ikiwemo. Bodi hiyo ilikuwa na wakurugenzi zaidi ya 20, lakini kura zake hupimwa kwa mchango wa kila nchi. Marekani peke yake ilikuwa na takriban moja ya tano ya kura zote, ilhali kusini mwa Sahara kote kuliwakilishwa na wakurugenzi wawili tu waliogawana nchi hizo kwa misingi ya lugha za wakoloni. Aliyeshutumiwa nyumbani kuwa mtetezi wa IMF sasa alikuwa na kazi ya kuitetea Afrika mbele ya IMF, akiwa na kura chache.

Nchini Tanzania mambo yalizidi kuwa mabaya. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako dhidi ya waliotajwa kuwa wahujumu uchumi. Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza kamba. Mwalimu aling’atuka Novemba 1985, na mwaka uliofuata serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na IMF. Shilingi ilishushwa thamani, tena kwa kiwango kikubwa kuliko kile kilichozusha ugomvi wa 1979.

Je, Bw Mtei alikuwa sahihi? Kuhusu shilingi, nadhani ndiyo: nchi ilichelewa miaka saba, na dawa ilipokuja kunywewa ilikuwa chungu zaidi. Lakini hofu ya Mwalimu nayo haikuwa ya bure. Ada zilirudi shuleni na hospitalini, idadi ya watoto wanaojiandikisha shule za msingi ikashuka, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 2001 ndipo karo ya shule za msingi ifutwe. Hapa Kenya, ambako serikali ilitia saini mapema na bila makelele mengi, wazazi walisubiri hadi 2003.

Aliporejea nyumbani aliongoza tume ya rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali, ambayo ripoti yake ya mwaka 1991 ingali inaitwa kwa jina lake. Ilipendekeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania iliianza Julai 1998, miaka minane baada ya Kenya. Mamlaka ya Mapato ya Tanzania nayo ilianza kazi mwaka 1996.

Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo, Chadema, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1998 alimwachia kiti Bob Makani, ambaye aliwahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu. Chama kilichokuja kuwa nguzo ya upinzani nchini humo kilianzishwa, basi, na watu wa mahesabu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999. Miaka 14 baadaye, siku na mwezi ule ule, nchi wanachama zilitia saini jijini Kampala itifaki ya kurejesha sarafu moja ifikapo mwaka 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo, na tarehe mpya iliyowekwa ni 2031.