Wahandisi Wanafunzi na Sufuria ya Eastlands

Mwaka 2013, shindano la kimataifa la wanafunzi wa vyuo vikuu liitwalo Hult Prize liliuliza swali lililouhusu mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, moja kwa moja: chakula salama, cha kutosha na cha bei nafuu kitawafikiaje zaidi ya watu milioni 200 wanaoishi katika mitaa ya mabanda? Zawadi ilikuwa dola milioni 1. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliitwaa kwa wazo la kufuga wadudu wa kuliwa. Ukiiona njaa kuwa upungufu wa protini duniani, hesabu yao inakubali: mdudu hahitaji shamba kubwa wala maji mengi. Kampuni iliyozaliwa na wazo hilo, Aspire, ilikuja kujenga kiwanda kikubwa cha nyenje mjini London, Ontario. Soko lake kubwa likawa chakula cha mbwa na paka.

Wanafunzi wale hawakukosa akili wala nia njema. Tatizo lilianzia kwenye tafsiri ya njaa yenyewe. Mwanauchumi Amartya Sen alikwisha kuonyesha mwaka 1981, katika kitabu chake kuhusu umaskini na baa la njaa, kwamba watu wanaweza kufa njaa huku chakula kipo, kwa sababu hawana uwezo wa kukipata. Nairobi haihitaji baa la njaa kuthibitisha hilo. Malori hushusha kabichi, viazi na nyanya katika soko la Marikiti kila usiku, na umbali kutoka hapo hadi Mathare mtu huenda kwa miguu. Njaa ya Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, ni njaa ya bei. Sehemu kubwa ya bei hiyo huongezeka njiani na jikoni, na huko ndiko uhandisi wa wanafunzi unakopaswa kuelekezwa.

Katika shindano lilelile kulikuwa na timu ya London School of Economics iliyoelekea karibu zaidi na ukweli. Mradi wao, SokoText, ulifanyiwa majaribio Mathare. Mama mboga aliagiza bidhaa zake kwa ujumbe mfupi wa simu, maagizo ya wengi yakaunganishwa, mzigo ukanunuliwa kwa bei ya jumla na kuletwa mtaani. Walikuwa wameuona mzigo anaobeba mama huyu: kuamka alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi, malipo ya hamali na mkokoteni, yote yakigawanywa juu ya gunia moja au mawili tu. Mteja wake naye hununua kwa kipimo kidogo, fungu la nyanya, mafuta ya kupima, unga wa kupima, na kwa kila kilo hulipa zaidi ya mwenye gari anayejaza toroli katika duka kubwa.

Hata hivyo, sishauri kila mwanafunzi akimbilie kuunda programu ya usambazaji. Kampuni ya usambazaji wa chakula ya Twiga Foods ilianza mwaka 2014 na ndizi, ikapata mtaji ambao hakuna idara ya uhandisi inayouota, na bado mwaka 2023 ikaachisha kazi zaidi ya watu 200. Kumshinda mama mboga kwa gharama ni vigumu, kwa sababu saa zake za alfajiri hazilipwi na mtu. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini ndilo kampuni inashindana nalo.

Wapo watakaosema jibu ni kulima papo hapo, sukuma wiki kwenye magunia. Kwa mboga ya jioni, sawa. Kwa unga, hapana. Tena udongo wa Eastlands una historia yake. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, na utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 ulipowapima watoto 328 wa maeneo ya jirani, nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita. Anayejaza gunia udongo wa huko bila kuupima huenda anamlisha jirani yake sumu.

Kwa hiyo tuje kwenye sufuria. Mahindi na maharagwe makavu si ghali sana yakilinganishwa na kazi ya kuyaivisha, ambayo huchukua saa kadhaa za moto. Mwaka 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, gharama ya kupika githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nyumbani ilipanda bila bei ya mahindi kuguswa. Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kulijibu tatizo hili kabla ya profesa yeyote: yuko mama anayechemsha githeri kwa sufuria kubwa kando ya barabara na kuiuza kwa kipimo, mteja akaangie kitunguu kwake. Moto mmoja unahudumia nyumba nyingi. Maharagwe yakiwa magumu baadhi ya wauzaji hutia magadi, na magadi huharibu vitamini B1. Hapo pana kazi ya mhandisi: kuloweka vizuri, kuzuia joto lisipotee, mfuniko unaobana, jiko linalolingana na sufuria.

Eastlands ina mfano wake wa zamani. Katika miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walishiriki kulifanya jiko lenye kigae cha udongo kuwa bidhaa ya kawaida, nalo hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Mfano wa sasa ni shirika la Food4Education, lililoanzishwa mwaka 2012 na Wawira Njiru akiwa mwanafunzi wa lishe Australia. Tangu mwaka 2023, kupitia mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County, majiko yake makubwa ya mvuke hupikia shule za umma za Nairobi na mzazi huchangia shilingi 5 kwa sahani. Njiru hakubuni zao jipya. Chakula ni kilekile, wali, maharagwe, ndengu. Kilichobadilika ni ukubwa wa moto na mpangilio wa kazi.

Miradi ya mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu hupewa alama mbele ya jopo, kwenye chumba cha maonyesho, mashine ikiwa imepakwa rangi. Jopo hilo lihamishiwe Kayole, huko Eastlands, kwa siku moja. Makaa yapimwe asubuhi kabla ya sufuria kuinjikwa na yapimwe tena githeri ikiiva, na muuzaji wa githeri awe mmoja wa watahini, mwenye haki ya kusema kifaa hiki sikitaki.