Mafundi wa Kumbukumbu za Wafu: Kutoka York hadi Harlem

Kazi ya kuwatengenezea wafiwa kumbukumbu ni kongwe miongoni mwa Wamarekani Weusi, na ilianza kabla watumwa hawajaachiwa huru. Mwaka 1847, huko York, Pennsylvania, Glenalvin Goodridge alifungua studio ya picha za bamba la fedha. Baba yake, mzaliwa wa mama mtumwa, alikuwa tayari mfanyabiashara mkubwa mjini. Nduguze waliiendeleza kazi hiyo Saginaw, Michigan, hadi 1922. Zama hizo mtu aliweza kuishi na kufa bila kupigwa picha hata moja, hivyo si ajabu fundi akaitwa maiti ingali ndani ya nyumba. Huko Helena, Montana, mwaka 1896, mpiga picha Mweusi J. P. Ball alimpiga William Biggerstaff, aliyehukumiwa kwa kuua, picha tatu: akiwa hai amevaa nadhifu, akiwa kitanzini, na akiwa jenezani.

Ubaguzi ndio uliowaachia Weusi soko hili. Mzungu hakutaka kumwosha maiti Mweusi, au akimwosha alimwosha ovyo, basi wakajitegemea: wazikaji wao, makaburi yao, bima zao za mazishi. Mpiga picha aliingia kwa mlango huohuo.

Aliyeifikisha kazi hii kileleni ni James Van Der Zee, mzaliwa wa Lenox, Massachusetts, mwaka 1886. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifungua Guarantee Photo Studio katika mtaa wa 135, Harlem, New York. Alipiga harusi, vyama, makanisa, na mwaka 1924 maandamano ya wafuasi wa mwanaharakati Marcus Garvey. Lakini harusi zina msimu, misiba haina. Akiitwa, alibeba kamera hadi kwa mzikaji, akapanga maua na taa, akapiga.

Kazi yenyewe hasa ilifanyika baadaye, kwenye chumba cha giza. Alichukua negativu ya jeneza na nyingine ya malaika, au ya marehemu alipokuwa hai, akazichapa kwenye karatasi moja hadi malaika waonekane wakielea juu ya maiti. Uso uliosinyaa aliurekebisha kwenye negativu kwa penseli na kisu chembamba. Katika picha yake moja wazazi wameketi, wamevaa vizuri, wamempakata kichanga chao. Ukitazama haraka utadhani kimelala.

Wapo wanaoziona picha hizi kuwa za kutisha. Mimi nadhani wanasahau zilikuwa za nani. Harlem ilijaa watu waliotoka majimbo ya Kusini na visiwa vya Karibi, na mama aliyebaki huko hakuwa na nauli ya kuja kuzika. Picha iliyofika kwa posta ilimwonyesha sanda safi, maua tele, na kwamba mwanawe hakutupwa. Van Der Zee mwenyewe hakujitenga na desturi hiyo: binti yake Rachel alipofariki mwaka 1927, alimpiga picha jenezani.

Kamera za bei nafuu zilipoenea, wateja walipungua, naye akaishi kwa kutengeneza picha kuukuu zilizotumwa kwake kwa posta. Mwaka 1969 jumba la sanaa la Metropolitan la New York lilionyesha kazi zake nyingi. Mwaka huohuo alifukuzwa nyumbani kwake. Picha zake za misiba zilichapwa kitabuni mwaka 1978, *The Harlem Book of the Dead*, kwa utangulizi wa mwandishi Toni Morrison. Msichana mmoja wa kitabu hicho, aliyepigwa risasi na mpenzi wake lakini yeye akakataa kumtaja aliyempiga, ndiye chimbuko la riwaya ya Morrison, *Jazz*, ya mwaka 1992.

Nyuma ya picha zilikuja bidhaa nyingine: mapepeo ya karatasi ya kujipepea kanisani yenye jina la mzikaji, vijitabu vya mazishi vinavyoandika tarehe ya kuzaliwa kama macheo na ya kufa kama machweo, kisha fulana zenye picha ya marehemu. Fundi wa fulana hupokea picha ya simu, huondoa ukuta na makochi ya nyuma, huweka mawingu, njiwa na ngazi ya kwenda mbinguni, huichapa na kuibana kwa mashine ya moto. Oda lazima itoke kabla ya kuzika. Sisi tuliozoea kushona vitenge vya sare ya msiba tunaijua haraka hiyo. Na malaika wa Van Der Zee hawajaenda popote, wamehamia kifuani.

Kati ya vyote hivyo, chenye faida kubwa kwa wajukuu ni kijitabu. Kwa uzao wa watumwa, ambao daftari za serikali ziliwaruka, kijitabu kinataja wazazi, ndugu, kanisa na kijiji alikotoka marehemu. Maktaba ya Auburn Avenue, Atlanta, inavikusanya, na vingi vinasomeka kwenye intaneti. Mwenye navyo sandukuni asivitupe.