Usugu Uliozaliwa Nyumbani: Funzo la Masaka, Kigali

Neno letu la leo ni usugu. Mtu sugu ni yule aliyezoea adhabu hata haimuumi tena. Vimelea vya maradhi navyo huwa sugu: dawa iliyoviua jana, leo hupita juu yake kama maji juu ya jani la mgunda. Katika historia ya neno hili, ukurasa mmoja uliandikwa Kigali.

Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitegemea klorokwini kutibu malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dawa hiyo ilianza kushindwa. Usugu wake ulikuwa umeanzia Kusini-Mashariki mwa Asia, kisha ukasafiri hadi kwetu, na watoto wengi walipoteza maisha kabla serikali hazijabadili tiba. Nafuu ilitoka China, ambako Tu Youyou na wenzake, mwaka 1972, walipata artemisinini kutoka katika mmea wa artemisia. Rwanda ilianza kutumia dawa mseto yenye asili hiyo mwaka 2006.

Haukupita muda mrefu, habari mbaya zikatoka Kambodia: artemisinini nayo ilikuwa ikipungua nguvu. Mwaka 2014 watafiti wakatambua alama ya usugu huo katika jeni ya kimelea iitwayo kelch13. Wengi wakahofu kwamba historia ingejirudia, na usugu ungetufikia tena kutoka Asia.

Haikuwa hivyo. Kati ya 2012 na 2015, wagonjwa wa Masaka, jijini Kigali, na wa Rukara, mashariki mwa nchi, walikuwa wametoa matone ya damu kwa ajili ya utafiti. Rwanda Biomedical Centre ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani, Taasisi ya Pasteur ya Paris na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York. Paris walisoma jeni. New York walithibitisha katika maabara kwamba badiliko lililoonekana, R561H, kweli huleta usugu. Huko Masaka, wagonjwa 19 kati ya 257 walikuwa nalo. Tena vimelea hivyo havikuwa na nasaba na vile vya Asia. Vilizaliwa humu humu.

Matokeo yalichapishwa Agosti 2020. Dawa mseto ilikuwa bado ikiponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa waliofuatiliwa, na ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Rwanda ilitangaza, na tangazo hilo likawa onyo kwa majirani. Baadaye mabadiliko ya namna hiyo yaliripotiwa kaskazini mwa Uganda, na hata Kagera, Tanzania.

Hata hivyo, tafakari jambo moja. Damu iliyotolewa Masaka mwaka 2014 ilitoa habari yake kwa ulimwengu mwaka 2020. Kwa miaka yote hiyo kimelea hakikusubiri. Ushirikiano wa mataifa ni neema, lakini neema hiyo hukamilika pale maabara ya kusoma jeni inapokuwa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Pima kabla ya kumeza dawa. Ukianza dozi, imalize, hata homa ikishuka siku ya pili. Kisha jibu swali hili kwa aya moja: je, nani anapaswa kugharimia maabara hizo, na kwa nini?