Kuelekeza Simu: Kitenzi Kimoja Kisibebeshwe Kazi ya Vinne

Ofisi inapofunga mtambo mpya wa simu, ugumu hauko kwenye nyaya wala kwenye simu za mezani. Uko kwenye uamuzi: simu ikiingia kwa namba kuu, iite wapi kwanza, iite kwa muda gani, na isipopokewa iende kwa nani? Uamuzi huo ukishaandikwa ndani ya mtambo kama kanuni, simu zote zitakazoingia zitaufuata, awepo mtu mezani au asiwepo. Dhana hii inahitaji jina la Kiswahili, na jina linaloifaa ni uelekezaji wa simu. Kinachochanganya ni kwamba vitenzi vingine vitatu vimezoea kukaa mahali pake: kuunganisha, kuhamisha na kusambaza. Hoja yangu ni kwamba vyote vinne ni vyema, ila kila kimoja kina kazi yake, na ofisi inayovichanganya huishia kupata mtambo uliopangwa ovyo.

Tuanze na kuunganisha, kitenzi cha zamani kuliko vyote hapa. Enzi za opereta, mpigaji aliomba aunganishwe na mtu fulani, naye opereta akachomeka waya. Kitenzi hiki kinataja tokeo, yaani watu wawili wanasikiana, lakini hakisemi nani aliamua wakutane. Suala la uamuzi si dogo. Mmarekani Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi Kansas City, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891. Inasimuliwa kuwa alishuku opereta wa mji wake anapeleka wateja kwa mshindani wake. Iwe kweli au iwe ngano, kisa hicho kinaonyesha kwamba kuunganisha na kuamua ni mambo mawili. Kuhamisha nako huja baadaye: mtu wa mapokezi ameshapokea, ameshasikia shida, ndipo anaihamishia simu ghalani au kwa mhasibu. Kusambaza kuna wazo la kutawanya, kitu kimoja kikafika kwa wengi. Gmail ya Kiswahili imekichagua kwa barua pepe inayopelekwa kwa mtu mwingine. Katika simu, kitenzi hiki kinafaa zaidi pale simu moja inapoita kwenye vifaa vya watu watano kwa pamoja, ikapokewa na atakayewahi.

Kinachobaki ni kuelekeza, na sababu ya kukichagua inaonekana hata katika majina ya mahali. Kata ya Kibaoni, mjini Ifakara, ina jina linalotokana na kibao, kama vilivyo vitongoji vingi vya Tanzania vyenye jina hilo. Kibao cha njiani huandikwa mara moja na mtu aliyekwisha kufikiri. Baada ya hapo kinamhudumia kila apitaye, atokaye Kidatu au aendaye Mlimba, bila kumuuliza jina. Kanuni ya simu hufanya vivyo hivyo: imewekwa kabla ya safari, inawahusu wote, na inasema upande wa kwenda. Kuhamisha na kuunganisha havibebi wazo hilo la kutangulia. Atapinga mtu kwamba anayeelekezwa hutembea kwa miguu yake, ilhali mpigaji amekaa tu na simu sikioni. Pingamizi hilo lina uzito kama kinachoelekezwa ni mpigaji. Lakini kinachoelekezwa ni simu, na sarufi inaturuhusu kusema hivyo waziwazi: simu ielekezwe mapokezi, simu zielekezwe uhasibu.

Chukulia ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga pale Kibaoni, yenye namba kuu inayoanza na 023, msimbo ambao Morogoro inautumia pamoja na Pwani, Lindi na Mtwara. Ina mapokezi, uhasibu na ghala, na kila chumba kina namba yake ya ndani. Kanuni yake ingeweza kusomeka hivi: simu iingiayo kwa namba kuu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ielekezwe mapokezi; isipopokewa kwa sekunde 20, isambazwe kwa simu zote za uhasibu; ikikosa mtu huko pia, ielekezwe kwenye simu ya mkononi ya mwenye zamu. Hapa vitenzi viwili vimefanya kazi mbili bila kugongana. Kuhamisha hakumo, kwa kuwa ni kazi ya aliyepokea. Kuunganisha hakumo pia, kwa kuwa ndiyo matunda ya yote.

Kanuni hiyo ina mtego wake kwa anayefikiri kwa Kiswahili. Saa zetu zinahesabiwa tangu macheo, za mtambo zinahesabiwa tangu usiku wa manane. Saa mbili hadi saa kumi na nusu lazima ijazwe 08:00 hadi 16:30. Atakayejaza 02:00 hadi 10:30 amefungua ofisi saa nane usiku na kuifunga saa nne na nusu asubuhi. Siku nazo zina lao: Jumatatu, ambayo kwa jina ni siku ya tatu, katika mitambo mingi ni siku ya 1. Sikukuu za Saba Saba na Nane Nane zinaweza kuwekwa mapema kwa tarehe, lakini Idi hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo kanuni yake inahitaji mtu wa kuiwasha kwa mkono.

Wako watakaosema yote haya ni ya bure, kwa sababu mafundi wanatumia neno la Kiingereza walilolitia ku- mbele na wanaelewana. Ni kweli wanaelewana, wao kwa wao. Lakini anayejua simu iende kwa nani si fundi. Ni katibu wa chama, mtunza ghala na mhasibu. Wao wasiposhiriki kwa lugha wanayoimudu, fundi atabuni kanuni kwa niaba yao, nao watazigundua siku mnunuzi wa mpunga kutoka Dar es Salaam atakapokosa mtu wa kumjibu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limechapisha istilahi za fani nyingi katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Hata hivyo istilahi huota mizizi pale tu wenye kazi wanapoitumia kuamua jambo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ofisi ndogo haihitaji mtambo wa kuelekeza. Inahitaji mtu mmoja mkarimu mwenye simu. Nakubali kiasi. Mpigaji ndiye anayelipa, na menyu ya sauti yenye salamu ndefu na machaguo tisa inakula salio lake kabla hajasikia binadamu. Ndiyo maana wengi hubipu wakakata. Lakini hilo ni pingamizi dhidi ya kanuni ndefu. Mtu mmoja huugua, huenda msibani, huenda shambani msimu wa kuvuna. Umeme nao hukatika, na kifaa kilicho ofisini kikizimika, kanuni zilizomo ndani yake huzimika pamoja nacho. Hivyo kanuni ya mwisho ya kupeleka simu kwenye namba ya mkononi iwekwe kwa kampuni ya simu yenyewe. Na kwa kuwa sehemu ya pili ya safari ya simu, kutoka namba kuu hadi ya mkononi, kwa kawaida hulipwa na ofisi, mhasibu ajulishwe mapema.

Kwa hiyo kabla fundi hajafungua kifaa, chama kiandike kanuni zake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kikitaja namba, saa, mpokeaji na mbadala wake. Palipoandikwa kuelekeza, wajumbe waulizane kama ni uamuzi wa kudumu. Palipoandikwa kuhamisha, waulizane nani atakuwepo kuhamisha. Mara nyingi swali la pili ndilo litakalofichua kiti kisicho na mtu.