Ramani ya zoni ya afya: orodha ya vijiji inatangulia kompyuta

Kabondo-Dianda, mji wa reli katika teritwari ya Bukama, jimbo la Haut-Lomami, una zoni yake ya afya, moja kati ya zoni zaidi ya 500 za nchi nzima. Kila zoni inagawanywa katika maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake. Kwa karatasi ni mpango mzuri. Lakini uliza mpaka unapita wapi: wauguzi wawili wa vituo jirani wanaweza kusema, kila mmoja, kijiji fulani ni cha mwenzake. Hapo ndipo watoto wanabaki bila chanjo.

Haut-Lomami inajua bei yake. Mwaka 2017 polio aina ya 2 ilionekana jimboni, na tarehe 13 Februari 2018 serikali ilitangaza hali ya dharura ya afya. Virusi hivyo vinazunguka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na huwezi kumuchanja mtoto wa kijiji ambacho hakimo kwenye mpango.

Ndiyo sababu kazi ya chanjo ilianza kutumia mfumo wa habari za kijiografia, ule unaoitwa SIG maofisini. Hii si ramani ya ukutani. Ni ramani ya kompyuta ambamo kila alama, iwe kijiji, kituo au kivuko, inabeba habari zake: jina, hesabu ya wakaaji, njia ya kufika. Mradi wa GRID3 umetengeneza ramani za namna hiyo pamoja na wizara ya afya, katika majimbo kadhaa ya Kongo.

Wengi wanaanza kwa kununua vyombo. Programu yenyewe haina shida: QGIS ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, na GPS ya telefone inashika satelaiti hata pale rezo haiko. Kigumu ni majina. Picha ya satelaiti inaona mapaa ya nyumba; haijui shefu ni nani. Kwa hiyo muuguzi mkuu, mashefu na relé wa vijiji wakae kwanza waandike vijiji vyote, pamoja na majina ya zamani, maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na jina moja likawa la vijiji vitatu. Kisha kila kijiji kipewe namba yake.

Kwa ziwa Upemba, kazi ni ngumu zaidi. Wavuvi wanahamisha kambi kufuata maji, na wengine wanaishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea. Kambi iliyowekwa alama mwezi wa kumi inaweza kuwa maji matupu mwezi wa ine. Basi alama iandikiwe tarehe. Tena kilomita 5 kwa pirogi si kilomita 5 kwa pikipiki. Ramani inayopima mstari ulionyooka inadanganya.

Halafu kuna swali ambalo wafadhili hawalipendi sana: mradi ukiisha, nani anarekebisha? Akifundishwa mtu mmoja tu, siku anahamishwa Lubumbashi anaondoka na neno la siri. Wafundishwe wawili, data zikae kwenye diski mbili, na bajeti itaje mafuta ya pikipiki na paneli za jua. Kijiji kipya au kivuko kilichobebwa na maji kiingie katika ripoti ambayo muuguzi anapeleka kila mwezi. Safu tatu zinatosha: jina, mahali, kimebadilika nini.